Daftari Aliloliwashia Jiko

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla simu haijaita tena, maana ikitetemeka mezani na mimi natetemeka, hadi mwanangu wa miezi saba akinyonya ananitazama usoni kama anayeuliza, mama kuna nini.

Shule niliiachia njiani, lakini nilipata kazi kwenye kampuni changa, tuko wanne tu katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, tunatengeneza programu ya simu ambayo mafundi cherehani wanahifadhia vipimo vya wateja wao, na kazi yangu ni kumpigia kila fundi mpya, kumwelekeza na kumjulia hali, na bosi alisema nisisome maneno ya kwenye karatasi, niongee nilivyo, na kweli walinipenda, wengine huuliza kama mtoto ameota jino.

Kuna fundi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa na daftari la vipimo vya miaka kumi na tisa. Akaniuliza, "Mwanangu, nikiviingiza humo havitapotea?" Nikamjibu, "Havipotei mama, niamini mimi." Sikumuuliza mtu, mshauri, nilitaka tu atulie. Akaviingiza siku tatu nikiwa naye kwenye simu, alipomaliza akacheka, akasema daftari lenyewe mende wamelila nusu, analiwashia jiko.

Juzi programu ikafanyiwa marekebisho, vipimo vya mafundi thelathini na mmoja vikafutika. Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Profesa, anakuna kichwa tu. Bosi ameandika ujumbe mmoja wa kuwatumia wote, "Tunaboresha huduma zetu, tunaomba uvumilivu," akaniambia, "Usipokee simu mpaka niseme. Ukifungua mdomo tutawapoteza wote." Lakini yule mama amenitumia ujumbe wa sauti, na wala hagombi, ndicho kinachoniua, anasema, "Mwanangu, sioni kitu humu. Nina magauni kumi na mawili ya kwaya, wanayataka Jumamosi, na kitambaa kiko mezani hakijakatwa. Labda nimebonyeza vibaya mimi."

Naogopa kumpigia, naogopa kufukuzwa, naogopa hata kunyamaza. Ila bado natumaini njia ipo. Nifanyeje?

Mama Anayetetemeka

*

Marahaba, mama. Pole sana. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Vipimo hukuvifuta wewe. Kosa lako ni kuapia chungu usichokipika. Ulisema "niamini mimi" kwa jambo usilolijua, na mwenzio akaamini hadi akawasha jiko. Bosi wako naye kakosea zaidi: alikuajiri ili watu wasikie mtu, leo mambo yameharibika anataka wasikie ukuta. Kumwambia "tunaboresha huduma" mtu ambaye kitambaa chake kiko mezani ni kumtukana kwa adabu.

Unaogopa kufukuzwa, naelewa, una mtoto wa kulea. Hata hivyo mwendee bosi leo, kabla hajatuma ule ujumbe wake, umwambie: mafundi wakilisikia jambo hili kwetu watakasirika, wakiligundua wenyewe wataondoka. Akikataa, mwombe simu moja tu, ya yule mama. Akikataa na hiyo, piga. Ila kwanza mbane Profesa aache kukuna kichwa, akwambie nini kinarudi na nini hakirudi. Asichokijua yeye, wewe usikisemee.

Simu ikipokelewa, usizunguke. "Mama, hukubonyeza vibaya. Kosa ni letu, na mimi nilikuahidi nisichokijua." Anza na hilo, kwa sababu kila saa unayochelewa anazidi kujilaumu bure. Atanyamaza. Mwache anyamaze, usikijaze kimya chake kwa ahadi nyingine, ndiko ulikoanzia.

Wanakwaya wenyewe hawajafutika, mama. Mfunge mwanao mgongoni uende kwake kesho asubuhi, muwaite mmoja mmoja, yeye apime, wewe uandike.

Na usiende mikono mitupu. Mbebee daftari jipya.