Vinia Zangu Kabla ya Nikaha

Jumapili, 5 Oktoba
Tunaezeka banda la hoteli, Diani. Kamba ya makuti naivuta kwa meno, mazoea. Fundi mwenzangu Bakari yuko chini ananitazama. "Bwana harusi, meno umeyapaka manjano?" Mafundi wakacheka. Nikainama, nikafunga kuti jingine. Mimi si msemaji.
Nyumbani Bongwe nikachukua kioo. Kweli. Meno mawili ya mbele, niliyovunja nilipoanguka paani. Daktari wa Ukunda aliyabandikia magamba meupe. Vinia, wanaziita. Sasa rangi ya chai. Na nikaha ni Ijumaa, tarehe 17.

Jumanne, 7 Oktoba
Shangazi amenipa dawa. Mkaa wa kifuu, uliosagwa. Yeye ana meno yake yote, meupe, na umri ule. Nimesugua mpaka fizi zinauma. Yameng'aa kidogo. Nikaenda barazani, nikanywa kahawa, nikatafuna tambuu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Yamezidi manjano. Zamani yalikuwa laini kama kikombe, sasa ulimi unakwaruza. Nimesugua tena, asubuhi na jioni. Mabaya zaidi.
Nimekasirika. Siku ya nikaha nitamjibu kadhi "nimekubali" mbele ya watu wa kina Mejumaa, mchumba wangu, simu zote zinanipiga video. Maisha yangu yote nazungumza nimeinama, mkono mdomoni. Siku hiyo sitaki.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekwenda kwa daktari. Niliona haya kusema habari ya mkaa. Nikasema. Hakunicheka. Akasema vinia zangu ni za plastiki ngumu, si za kaure. Mkaa unazikwaruza, halafu kahawa na tambuu zinaingia mle kwenye mikwaruzo. Kadiri ninavyosugua ndivyo ninavyoharibu.
Akazilainisha kwa mashine. Moja imetoka nyeupe. Nyingine imebaki na doa pembeni, limeingia ndani. Dawa yake ni kubandua na kubandika upya, na harusi hii hapa. Nikamwambia aiache.
Mswaki laini. Dawa ya meno isiyo na mchanga mchanga. Kahawa kidogo, nikinywa nisukutue maji. Tambuu basi. Kamba nikate kwa kisu. Hayo nayaweza.

Jumanne, 14 Oktoba
Shangazi kaleta mkaa mwingine. Nikamwamkia, nikamwambia sitautumia tena. Sijawahi kumkatalia kitu. "Haya, daktari," akasema, akaondoka nao. Jioni kaniletea samaki. Hajanuna.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimejibu. Kichwa juu. Bakari anasema sauti yangu ilifika kwa wapishi nje.
Doa lilikuwepo. Nilijua liko wapi. Nikajibu hivyo hivyo.

Jumamosi, 18 Oktoba
Chai na Mejumaa. Mvua kidogo. Kanitazama mdomo muda mrefu, nikajua kaliona.
"Hili lenye doa ndilo nililolizoea," akasema. "Hilo jeupe bado mgeni."
Nilicheka, mahamri mkononi. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba sikuziba mdomo.