Jina Kalificha, Mahamri Kayaacha

Hafswa, nimekwisha! Yule Eddah wa chuo kikuu, aliyenirekodi nikimsimulia nilivyohangaika kumtafuta Mungu, leo katusomea utafiti wake hapa Timbwani. Na mavyaa yuko mbele!

Aliniapia hatanitaja jina. Kweli, kaniita "Bi Rehema".

Bi Rehema muuza mahamri! Aliyesilimu akaolewa! Anayeaga kila Jumapili ati aenda Kongowea kununua nazi, kumbe yuko kanisani!

Muuza mahamri mwengine hapa mtaani ni nani, Hafswa? Ni nani?

Mavyaa kanigeukia polepole: "Ndiyo maana nazi zako za Jumapili huwa mbovu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akampigia mwanawe, mume wangu, simu.

Na Eddah, wallahi, akatoa kalamu akaandika.