Threnody, Mjukuu Wako

Iyunga, Mbeya

Mama Lusajo, rafiki yangu,

Kamwene, kwa salamu ya kwetu Iringa, na ugonile, kwa ya kwenu Wanyakyusa. Hujambo huko uliko? Najua aliyelala kwa Bwana haulizwi tena habari za presha, lakini nilizoea kukuuliza kila asubuhi kabla hatujatandika nguo mezani, na mdomo haujakubali kuacha. Sisi huku wazima wa mwili. Mengine ndiyo nataka kukueleza, na naomba ukae kwanza, kama huko kuna kukaa.

Lile neno halikuwa na maana tuliyodhani.

Nimeandika hivyo, nikainuka, nikaenda kuangalia maharage jikoni, nikarudi. Ngoja nianze vizuri.

Mkweo Eliza alijifungua salama, wiki chache baada ya kukuzika. Mtoto wa kike, na lile paji lako la uso. Hakuna aliyehangaika na jina, maana uliliacha mwenyewe: Threnody. Siku uliyolipata mvua ilikuwa inanyesha, hakuna mteja, tumekaa chini ya turubai na ile dikshonari yetu isiyo na jalada, iliyotoka ndani ya belo la makoti ya mitumba. Mimi na darasa langu la saba, wewe na lako. Tulikuwa tunatafuta maneno kama tunavyochambua belo. Unatupa, unatupa, unatupa, halafu mkono unagusa kitu, unakivuta, koti la sufu halina hata doa, na unajua leo Mungu amekukumbuka.

Ndivyo tulivyoipata groak, kumkodolea macho mtu anayekula ukitumaini atakukaribisha. Tulicheka mpaka yule fundi viatu wa meza ya jirani akauliza kuna nini, na yeye ndiye aliyekuwa ameikodolea sahani yetu ya wali. Tangu hapo ukawa unamwambia, "Fundi, acha kugroki, nawa mikono uje." Akawa anakuja kila mchana, hajui anasemwa kwa Kiingereza cha zamani. Na apricity, joto la jua wakati wa baridi. Ulikuwa mwezi wa saba, tumejibanza ukutani, ukasema, "Kumbe na wenyewe wanaota jua. Na wamelipa jina." Mimi nilidhani Kiingereza ni cha mitihani na cha ofisini. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba ndani yake wamo watu waliosikia baridi kama sisi.

Threnody ulikuwa unaisoma kwa kidole. Kona ya ukurasa panya walishakula. Ukasoma "song", mbele yake shimo. Wimbo. Ukalitamka tena na tena, ukasema linateleza mdomoni kama mlenda. "Eliza akizaa msichana, ndilo hilo. Wenzetu wana akina Lightness na Happiness, sisi tutakuwa na wimbo." Nikasema amina. Akaja mteja wa sketi, tukamkaribisha, na hatukujiuliza panya wamekula nini.

Mwezi haukuisha. Ukaamka asubuhi ukaanguka mlangoni, na ikawa ndiyo basi.

Babu yake hawezi kulitamka, anamwita Treni. Majirani wanacheka, wanasema mtoto wa Iyunga, treni inapita kila siku, jina limekaa. Tulikuwa tumeanza kucheka tena nyumbani kwako, rafiki yangu.

Ijumaa tulikwenda kwa mchungaji kuandikisha ubatizo, mimi nikiwa mama wa ubatizo. Huyu ni mchungaji mpya, humjui. Akaandika jina la baba, la mama, kisha kalamu ikasimama.

"Mama, hili jina limetoka wapi?"

Nikamwambia, kwa marehemu bibi yake, maana yake wimbo.

Akasema taratibu, "Ni wimbo kweli. Ni wimbo wa kumlilia mtu aliyekufa."

Eliza alimkumbatia mtoto kama kuna mtu anataka kumnyang'anya. Wewe ulikuwa mzima. Ulikuwa unacheka, umeshika sketi ya watu, na kumbe ulishajichagulia wimbo wako. Mpaka leo nikifika hapo akili inagoma.

Nyumbani ikawa balaa. Wifi yako akasema jina libadilishwe kabla ya Jumapili. "Mtoto haitwi msiba. Marehemu alijiitia kifo, sasa tunamwitia na mtoto?" Nikamjibu kwamba anayeita ni Mungu peke yake. Lakini nilipopiga magoti kusali, nilikuwa naogopa. Jina likiondolewa, zawadi pekee uliyomwachia mjukuu wako imekwenda. Likibaki, siku mtoto akishikwa na homa kidogo tu, watatuangalia wewe na mimi.

Jumamosi tukakaa wote. Nikawaambia, "Mimi naitwa Tabu. Mama alinizaa kule Idodi wakati wa njaa. Nimeolewa, nimezaa, nimecheka na Mama Lusajo mpaka mbavu zikauma. Hiyo tabu imenila?"

"Wewe ni wewe," wifi yako akasema.

Ndipo mwanao Lusajo akafungua mdomo, yeye ambaye tangu mazishi hasemi zaidi ya shikamoo. "Shangazi, kwaya ya mama ilikuwa Rujewa siku ile, gari likawaharibikia. Tulimzika hawapo. Mama hakuimbiwa. Acha basi aimbiwe kila siku, mtoto akiitwa kula."

Eliza alilia, na mimi nikalia. Wifi yako alikaa ameinamisha kichwa, halafu akanyoosha mikono. "Haya, leteni huyo Treni wenu nimbebe."

Jumapili mchungaji aliniuliza jina la mtoto. Nikalitaja lote, kama ulivyolitamka wewe, na kanisa zima likasikia. Mtoto hakulia. Alikuwa anayaangalia maji.

Basi, kwa heri, rafiki yangu. Nakuahidi kwamba akifika umri wa kuelewa, nitamwambia maana yake mimi mwenyewe, nikiwa nimempakata, kabla mwalimu wa Kiingereza hajamshtua kama nilivyoshtuka mimi. Lala kwa amani ya Bwana mpaka tuonane.

Jambo moja tu nakuomba. Kama ulijua, niambie. Nijibu mapema.

Ni mimi mwenzako,
Tabu, Mama Upendo