Filamu ya Baba

Kilosa, Agosti 1974

Kaka Makarius,

Shikamoo. Mama amekutumia mlenda mkavu wa kuwapikia wageni kwenye sherehe yenu Watanzania wa London, pamoja na vikapu vya maonyesho. Anauliza kama unga wa ugali mnapata.

Ile filamu uliyompiga Baba nyumbani, nakuomba usiionyeshe. Umesema watu wa ubalozi watakuwepo, na mle Baba anasema wazi hahamii kijiji cha ujamaa. Jirani yetu Melkizedek alisema hivyo hivyo kilabuni, mgambo wakamchukua. Mpaka leo hajarudi.

Baba mwenyewe haogopi. Kila jioni ananiuliza, kwa sauti kubwa ile ile ya kwenye filamu, kama Wazungu wameshamsikia. Nafunga dirisha kwanza, ndipo namjibu kwamba bado.

Ni mimi mdogo wako,
Bibiana