Fundo la Mgomba kwenye Cheni za Rwegasira

Ijumaa, 1 Novemba 2024

Padre aliniletea Komunyo asubuhi. Niliungama kwanza — hasira kwa Annastella, kusinzia katikati ya rozari, kumsengenya jirani. Akaniondolea dhambi haraka, ana wagonjwa wengine wa kuzungukia. Alipofika getini nikataka kumwita arudi. Sikumwita.

Dhambi moja sikuitaja. Basi niiandike hapa. Daktari wa Bukoba hakunificha: moyo umechoka, Mama, usipange mambo ya mbali.

Vidole vyangu vimekufa. Tangu Pasaka. Nagusa chuma kama niliyevaa glavu. Na bado nawapimia watu cheni.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu wote. Kaburi la Kahangwa, mume wangu, liko hapo nyuma ya migomba, na sikuweza kufika. Annastella alipeleka maua. Yeye ni mjane wa jirani, hushinda nami mchana na kurudi kwake jua likizama. Baada ya hapo nyumba ni yangu na redio.

Nilifundisha fizikia, nikaacha ili nimsaidie Kahangwa na malori yake. Alipokufa niliyauza, nikafungua duka Kashai, mjini Bukoba: cheni, kulabu, mikanda ya mizigo, na vikaza — vile vyuma vyenye mkono, vya kukazia cheni mpaka mzigo usitikisike. Wateja wangu ni wakandarasi wanaonyanyua na kusafirisha mashine. Kila kitu nilikipitisha vidoleni, pete kwa pete, pini kwa pini. Kuna ufa ambao jicho haliuoni, kidole kinauona. Kikiwa kizima nakifunga kamba kavu ya mgomba, kwa fundo langu. Huku kwetu dereva asiyeona fundo hafungi mzigo.

Gozbert, mtoto wa kaka yangu, ndiye mwenye duka sasa. Mimi nimerudi kijijini, vyuma vinaletwa hapa nivipime. Aliwahi kusema tuweke alama ya rangi, ni rahisi. Nikakataa. Rangi inakaa miaka, nikamwambia, kamba inaoza, lazima chuma kirudi kipimwe upya. Ni kweli kabisa! Ila sikumwambia yote. Chuma kikirudi, watu wanarudi nacho.

Jumanne, 5 Novemba

Wageni! Pikapu la Gozbert, na nyuma yake gari la Rwegasira mkandarasi, pamoja na Dastan, dereva wake wa lobedi, lile trela la chini la kubebea mashine nzito.

— Ma Edvina, bado upo tu? Dastan huyo, toka getini.

— Nikiondoka, wewe nani atakuzuia usinifuate?

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Annastella akaleta kahawa za kutafuna, wakakaa.

Rwegasira amepata kazi ya transfoma kubwa. Meli itaishusha bandari ya Kemondo wiki ijayo, lobedi iipandishe hadi Muleba. Itapita mlima wa hapa kwetu — pale chini wanawake wanapanga ndizi kando ya lami. Anataka vikaza vipya. Gozbert amevitoa kwa muuzaji mgeni kule Mwanza, maana yule wa siku zote hana mzigo na Rwegasira hawezi kusubiri. Nikauliza, unamjua huyo? Akasema, Shangazi, namba ya uimara imegongwa, hii hapa.

— Namba hata mimi naweza kugonga, nikiwa na nyundo.

— Ndiyo maana tumekuja kwako, akasema Rwegasira.

Wakanyamaza, kama wanavyonyamaza siku zote nikipima. Nikapitisha kidole kwenye kulabu, kwenye pini, kwenye shingo ya mkono. Hakuna kitu. Ni kama kugusa ukungu. Ningesema pale pale. Lakini Rwegasira alikuwa ameegemea kiti cha Kahangwa, Dastan ameshaulizia chakula, na jikoni ndizi za ebitoke zimeanza kunukia.

— Vizima, nikasema.

Kimoja, kingine, vyote. Nikafunga mafundo. Kufunga bado naweza, macho yanaongoza.

Walikaa mpaka alasiri. Siku nzuri kuliko zote tangu Pasaka. Mungu wangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakuna aliyekuja. Mvua.

Jumapili, 10 Novemba

Senene wameanguka kwa wingi. Annastella alijaza ndoo, tukakaa barazani kuwanyonyoa mabawa. Kazi ya vidole, tangu utoto naifanya huku naongea.

Akaniangalia muda. Kisha: Mama, waitu, unatupa senene unaweka mabawa!

Nikatazama bakuli langu. Kweli. Akacheka, nami nikacheka. Halafu akaacha kucheka. Akanishika mkono, akanibonyeza kidole kwa ukucha, kwa nguvu. Akauliza, hapa? Akabonyeza kingine. Na hapa?

Hakuniuliza kuhusu vile vikaza. Lakini alikuwepo siku ile, yeye ndiye aliyenishikia kamba. Akaondoka mapema leo.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimempigia Gozbert. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Akasema polepole: Shangazi, ukilitoa hilo nje, duka limekwisha. Toka Bukoba mpaka Biharamulo watu wananunua fundo lako, hawanunui chuma changu. Akasema pengine vikaza ni vizima kweli.

Pengine! Nilimkatia.

Nikampigia Rwegasira. Huyu alicheka. Mama, vidole vyako vinazijua cheni kuliko mimi ninavyomjua mke wangu. Umeanza woga wa uzee. Nikasema, sisikii kitu, Rwegasira, sikusikia kitu, nilisema uongo. Akasema meli imefunga gati, kreni imeshalipiwa, pumzika Mama, nikipita na mzigo nitakupigia honi.

Nimekaa na simu mapajani. Wanaliamini fundo kuliko wanavyoniamini mimi niliyelifunga.

Jumanne, 12 Novemba

Kifua kimebana. Nimelala siku nzima. Nilikuwa nasikiliza kila gari linalobadili gia mlimani.

Jumatano, 13 Novemba

Leo ndiyo siku ya mzigo. Annastella alipofika nikamwomba achukue kisu cha jikoni, apande bodaboda mpaka Kemondo, akate mafundo yote. Rwegasira hanisikii. Dastan hasikii mtu pia, ila bila fundo hatatia ufunguo — hilo nina hakika nalo, nimemlea hivyo mwenyewe.

Akanitazama. Hawatakuja tena hapa, Mama, akasema. Hakuna hata mmoja.

Nikamwambia najua. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda.

Adhuhuri. Amepiga simu. Nyuma yake wanaume wanafoka. Amekata yote, Rwegasira amemwita mwizi, Dastan ameshuka kwenye lobedi, ameketi kwenye tairi, amegoma. Mwanamke yule ana moyo wa simba! Kisha nikamsikia Rwegasira: Mpe simu huyo bibi — hapana, acha, nakwenda kwake mwenyewe.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Wamekuja. Wote. Rwegasira, Gozbert, Dastan, vijana wa kreni nisiowajua, na Annastella katikati yao, kanga imechanika begani. Ua haukujaa hivi tangu tulipomzika Kahangwa.

Rwegasira hakunisalimia. Aliweka vikaza vyote mezani, na juu yake kamba za mgomba alizozikata mwenyewe njiani, mbichi, zinachuruzika maji. Mbichi! Haifungwi hivyo.

— Funga, Mama. Transfoma iko juu ya gari, watu wa umeme wananipigia kila saa. Ulisema vizima.

— Nilisema uongo.

— Kwa nini useme uongo? Nani alikulipa?

Nifanyeje? Niliwaangalia mmoja mmoja. Nikawaambia: ili mkae. Mkimaliza mnaondoka, na hapa hapaji mtu.

Gozbert aliangalia viatu vyake. Rwegasira akatikisa kichwa, akasema hapana, hapana, hii ni huruma yako tu, umesikia maneno ya watu kuhusu muuzaji wa Mwanza, unataka kutulinda. Hata sasa hataki kuniamini!

Ndipo Dastan akasema tumalize ubishi. Amekuja na kikaza kutoka kabati la lobedi, alichokitoa kazini mwaka huu, kina ufa shingoni, yeye anaujua ulipo. Akichanganye na vipya, vyote vifunikwe kitambaa, mimi nipitishe mkono chini yake. Nikikitambua, nafunga mafundo na safari inaendelea. Nikikikosa, mzigo unabaki Kemondo mpaka vikaza vipimwe kwa mashine.

Rwegasira amekubali. Yeye ana hakika nitakitambua.

Nimeomba niingie chumbani kidogo. Wanadhani nasali. Nasikia vyuma vinagongana mezani, Annastella anawagawia chai, mtu anauliza sukari. Nyumba inanukia watu.

Nikikosea, wanamaliza chai na kuondoka, na ndiyo mwisho. Na kubahatisha kunaweza kuniangukia kwenye kile chenye ufa, wakapiga makofi, wakapanda mlima usiku huu na vingine nisivyovijua. Sijawahi katika maisha yangu kuomba nikosee.

Gozbert amekuja mlangoni. Ananong'ona, macho yake hayanitazami: Shangazi, kibovu ni cha tatu kutoka kushoto.

Nimemwambia nakuja. Sasa sina haja ya kubahatisha, najua cha kukikwepa. Ameninyooshea mkono anisimamishe —