Safari ya Kwenda kwa Eze

Adia, hebu sikia hii. Si unajua baba na mama wametoka Bukoba wiki hii? Walikuwa mezani hapa kwangu Herndon, Virginia, na ramani, wanapanga tuvuke Marekani nzima kwa gari kumwona kaka Ezekiel, California.

Shemeji yako akaagiza kuku wa kukaanga, aletewe nyumbani. Mlango ukagongwa, baba akaenda kufungua.

Ni Eze. Ameshika kuku wetu.

Eze wa California, Adia. Ameshika kuku wetu.

Akasema, "Shikamoo baba." Baba akaitikia marahaba, akapokea mfuko, akabaki kasimama nao.

Anaishi Temple Hills, kasema mwenyewe. Hapo tu, hata saa moja kwa gari haifiki. California hajawahi kufika.

Hakuna aliyegomba. Mama kaenda kwenye begi la safari, katoa kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, alilomfungia Eze, kamwekea mbele.

"Kula, mwanangu. Tulikuwa tunakuletea huko huko."