Kazi Zisizo na Alama Masikioni

Kambi ya karakana, Mashamba ya Ngano,
Upande wa Basotu.

Mdogo wangu Bura,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitamka. Marahaba. Goti lako vipi? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anampiga teke kila anayemkamua, au ameshaona aibu?

Huku kakako nimepandishwa cheo. Kombaini zote za shamba hili haziwashwi mpaka mimi niseme. Asubuhi mafundi wanajipanga mbele yangu, nanyoosha mkono, kila mmoja anakimbilia kazi yake. Waambie hivyo watu wa Dongobesh, hasa wale waliosema niliacha shule kwa sababu kichwa kilikuwa kigumu.

Haya, wewe usiwaambie. Ni uongo. Bado ni mtunza stoo yule yule. Nilichokabidhiwa ni kipande cha chaki. Lakini Bura, chaki hiyo nusura ininyime harusi ya binti yangu, na kisha ndiyo ikanipa. Sikiliza.

Ulipoandika kwamba wakwe wamekubali, harusi ya Paskalina iwe mara baada ya mavuno, nilicheka peke yangu kama fisi. Halafu nikakumbuka: baba ndiye anayemtamkia bintiye baraka mlangoni kabla hajatoka. Nisipokuwepo utatamka wewe, kwa sauti yako hiyo ya kondoo aliyenyeshewa, na mtoto atakwenda kwa mumewe na baraka nusu. Nikamfuata fundi mkuu, Bwana Kimario.

"Shikamoo mzee," akasema. Ana adabu, ila moyo ni wa chuma.

"Marahaba. Naoza binti. Naomba ruhusa."

"Mzee wangu, kombaini ya tatu imelala. Ngano imeiva, ndege wanaila tukiwa tunawatazama. Siku kombaini ya tatu itakapotoka kwenye ubao, na wewe utatoka."

Ubao wenyewe ni bati la kombaini iliyokufa. Tulilipaka unga mweusi wa betri za tochi uliochanganywa na majani yaliyopondwa, kama walimu wanavyofanya, tukalisimamisha mlangoni pa karakana. Kila kazi inaandikwa pale kwa maneno matupu: paka grisi, badili oili, kaza magurudumu. Kwa kuwa nilipata mwandiko mzuri kwenye kisomo cha watu wazima, nikawa mwandishi.

Ubao huo ulikuwa mgonjwa, mdogo wangu. Fundi akimaliza kazi anaifuta kwa kiganja. Zamu ya jioni ikija haioni kitu, inasema, "Kumbe hawa wa asubuhi wamesahau oili," na kuiongeza. Trekta moja lilinyweshwa mara mbili, likatoa moshi mpaka watu wa Nangwa labda walidhani mlima Hanang umeamka. Siku nyingine Bwana Kimario aliegemea ubao akipiga soga, akaondoka na kazi tatu mgongoni. Ilibidi nimfuate mezani anapokula nikamsomee shati. "Mzee, unanitafuta nini mgongoni?" "Natafuta kazi, Bwana Mkubwa. Simama vizuri, hapa kuna mpira wa breki."

Nikatoa amri: hakuna kufuta, hakuna kuegemea. Kila kazi itaanza na neno moja. BADO, kama haijafanywa. NGOJA, kama kuna kitu kinasubiriwa. TAYARI, kama imekwisha. Zilizo TAYARI nazihamishia nyuma ya bati kila Jumamosi, ili aliyesahau azunguke akaone. Na ya haraka inakaa juu, hata kama iliandikwa mwisho.

Ikawa nzuri. Kila mtu alinisifu, na mimi nilijisifu zaidi yao. Lakini pale juu kabisa mstari mmoja ulikaa kama mkwe asiyeaga: NGOJA, kombaini ya tatu, mkanda. Jumatatu upo. Ijumaa upo. Namuuliza fundi Yohana, anasema ni wa zamu ya jioni. Zamu ya jioni wanasema ni wa Yohana. Mimi mwenyewe nilijua mkanda bado uko njiani unatoka Arusha, kwa hiyo nilikaa zangu stoo, juu ya gunia langu laini, nikilaani Arusha.

Aliyetufungua macho ni Mama Gidamis. Huyu ni mama wa wafugaji wa upande wa Gendabi, hutuletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na ulimi wake una pembe. Hajui kusoma. Alitukuta tunagombana mbele ya bati, akauliza nini kimeandikwa. Nikamsomea ubao wote, mpaka mstari wa mkanda.

"Na huo ni wa nani?" akauliza.

Yohana akawanyooshea kidole wa zamu ya jioni, nao wakamnyooshea yeye.

"Mmelima mpaka njia ya ng'ombe wetu," akasema, "na hata hamjui kazi zenu ni za nani? Ng'ombe asiye na alama sikioni akipotea, kila boma linasema si wangu. Akipatikana amenona, kila boma linasema ni wangu. Zikateni masikio kazi zenu."

Akainama, akachora vumbini alama wanazokata wao: tundu katikati, ncha iliyoondolewa, mpasuo mbele, mipasuo miwili nyuma. Bura, na sisi tuna ng'ombe tangu kwa babu! Jambo nililolijua nikiwa sijaota meno lilinijia kama habari mpya.

Siku hiyo hiyo nikamgawia kila mtu alama yake, iandikwe mbele ya kazi yake. Yohana alikataa ya kwanza, akasema inafanana na sikio la punda. "Ndiyo maana nimekupa," nikamwambia. Mimi nikajichagulia mipasuo miwili nyuma, ilinipendeza. Tulipofika kwenye mkanda, Yohana akasema, "Mimi nitaufunga. Lakini kuutoa stoo ni kazi ya nani?" Tukagundua zilikuwa kazi mbili zilizobanwa kwenye mstari mmoja. Nikazitenganisha. Kuufunga, Yohana. Kuutoa... wote wakanigeukia. Nikachora mipasuo yangu miwili huku nanung'unika kwamba Arusha ndiyo ingechorwa.

Kesho yake Mama Gidamis akaja na kibuyu, akaliangalia bati, akapiga kelele, "Mipasuo miwili nyuma! Hiyo ni alama ya ukoo wa mume wangu! Nani huyu?"

"Ni mzee wa stoo," wakasema wote, wasaliti.

Akaja mpaka stoo, akasimama mlangoni. "Baba, wewe ni ng'ombe wetu uliyepotea. Toka, nikuswage nyumbani."

"Mama, mimi nina kwangu Dongobesh. Na huko nina binti wa kuoza."

"Basi kwa nini hujaenda?"

"Nasubiri mkanda."

Akanitazama, akatazama chini. "Na hicho ulichokalia ni nini?"

Bura, usicheke kwanza. Lile gunia laini dereva wa Arusha alilitua mlangoni wakati nimekwenda kunywa uji, nami nikadhani ni magunia matupu yamefungwa ndani ya gunia. Tulipolifungua, mkanda ulikuwa umejikunja humo kama chatu aliyeshiba, na umbo la makalio yangu juu yake. Bwana Kimario alicheka mpaka akaegemea ubao. Safari hii hakuna aliyemkataza.

Yohana aliufunga. Kombaini ya tatu ikakohoa, ikaunguruma, ikaingia kwenye ngano. Nikaandika TAYARI kwa herufi kubwa kuliko jina langu. Jioni nikakuta mstari mpya kwa mwandiko wa fundi mkuu: mipasuo miwili, BADO, mzee kwenda kuoza. Nitapanda lori la ngano, nifike siku mbili kabla ya harusi. Mama Gidamis amekubali kuniazima kwenu, ila kwa sharti nirudishwe na kibuyu cha asali.

Msalimie mke wangu, mwambie mume wake yuko hai na hajauzwa. Msalimie shemeji, mkeo, anayekuvumilia. Msalimie mama mdogo aliyetulea, nitampigia magoti mwenyewe. Paskalina mwambie tu baba yake anafanya mazoezi ya baraka mbele ya kombaini.

Sasa lako. Unakumbuka nilivyochunga zamu yako, wewe ukishuka Dareda kumchungulia huyo huyo shemeji? Ulisema utanilipa. Nywele zimekuwa nyeupe. Siku ya harusi ni zamu ya nyumba yangu kuchunga mbuzi wa kitongoji, na mimi siku hiyo nataka kucheza mpaka nianguke. Ubandike mstari huu mlangoni mwako, na usiufute kwa kiganja:

BADO. Kuchunga mbuzi siku ya harusi. Alama ni sikio lako, lile nililokuwa nikilivuta.

Kakako,
Gwandu